Masikio Chini ya Sakafu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeingia nyumbani pamoja na mvua. Mama alinipokea mlangoni, akanitazama miguu kabla ya uso, akasema, "Viatu hivi vya lami havitamaliza wiki." Mwaka mzima hatujaonana, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu yangu. Nikacheka, naye akacheka, salamu zikawa zimekwisha.

Profesa ametuagiza kila mmoja aandike kumbukumbu za kazi. Hizo nitaziandika kwenye kompyuta, kwa lugha inayoeleweka na kompyuta. Humu nitaandika yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Meli ya utafiti, ambayo ilitakiwa kuja kiangazi na imekuja masika, itakuwa ikipita na kurudi baharini mbele ya mji huu, inalipua hewa iliyobanwa ndani ya maji. Sauti inashuka, inapenya mchanga, inapenya mwamba, mpaka kule chini kabisa ambako bamba moja la dunia linajisukuma chini ya jingine. Ikigonga kitu, inarudisha mwangwi. Meli inasikiliza kwa nyaya inazoziburuta, sisi tunasikiliza tukiwa nchi kavu, na kutokana na miangwi hiyo tunachora picha. Ni kama daktari anavyompima mjamzito akamwona mtoto kwenye skrini. Tofauti ni kwamba huyu wetu tunaomba asicheze.

Aliwahi kucheza. Mama alikuwa mtoto wa shule. Ardhi ilitikisika, bahari ikapanda, nusu ya mji ikaondoka nayo. Zaidi ya hapo sijui. Tangu tukiwa wadogo tulijua kuna swali ambalo ukimuuliza Mama, anainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kaka yangu ndiye ofisa wa maafa wa mji. Vile vibao vya bluu vyenye mshale ni kazi ya mikono yake, na sasa viko kila kona: fuata barabara ya pwani, vuka daraja, panda kilima cha tangi la maji. Chini ya kila mshale kumeandikwa NUSU SAA INATOSHA. Alinizungusha mjini na gari kunionyesha, mvua yote hiyo. Ana haki ya kujivuna. Kabla yake hapakuwa na hata kibao kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Tumefukia masikio. Ndivyo Fundi anavyoviita vile vipima mitetemo. Fundi ndiye dereva wangu, mtaalamu wangu wa mitambo na, kwa msimu huu, mtu wangu pekee wa kuongea naye wakati wa mchana. Kila anapofukia kimoja anakipigapiga udongo juu na kukiambia, "Haya, sikiliza vizuri, usilale."

La mwisho tumeliweka kwenye shule ya zamani, ufukweni. Kuta hazipo. Imebaki sakafu ya saruji na ngazi ya mlangoni, vidato vitatu vinavyopanda kwenda hewani. Tulichimba chini ya ukingo wa sakafu. Nyuma yake kuna korongo lililojaa miiba linalopanda mpaka kilima cha mnara wa simu, ambako tumeweka sikio jingine. Watu hawapiti huko.

Tulipomaliza, Fundi alirudi kwenye gari kinyumenyume.

"Mbona unatembea hivyo?"

"Sijui, dada. Mwili umekataa tu kupageuzia mgongo."

Jumapili, 9 Machi

Meli imeanza. Huku hatusikii kitu. Kwenye skrini kila mlipuko ni mchomo mmoja mwembamba, halafu kimya, halafu mwingine. Ukitazama kwa muda mrefu unajikuta unabana pumzi ukingoja unaofuata.

Wakati wa kula Mama akaniuliza, "Mnagonga nini huko?"

"Mama, huwezi kusikia. Meli iko mbali mno."

Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale. "Sikusema nasikia," akasema.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Gari limekwama, Fundi amelisukuma, Fundi amekwama.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna mtu anatembea kwenye shule ya zamani.

Nilikuwa nakagua rekodi za wiki. Katikati ya milipuko ya meli, alfajiri, zinatokea alama ndogo zinazofuatana: tu, tu, tu. Nyayo. Tumezizoea, ng'ombe akipita karibu na sikio unamjua. Lakini huyu ana miguu miwili. Anazunguka kidogo juu ya sakafu, anasimama kwa muda mrefu, kisha anaondoka kuelekea korongoni, nyayo zinafifia. Baadaye kidogo zinatokea kwenye sikio la kilimani, nzito zaidi, za mtu aliyechoka. Halafu basi.

Nimetafuta akirudi. Harudi. Kesho yake alfajiri yuko tena palepale sakafuni, na tena anapanda, na tena harudi. Ilianza siku ileile meli ilipoanza.

Nilimwonyesha Fundi. Alitazama, akavua kofia.

"Mimi nilisomea umeme," akasema. "Mambo ya wanaokwenda bila kurudi hayakuwemo kwenye mtihani."

Jumatatu, 17 Machi

Picha ya kwanza imefika kutoka melini. Bado chafu, lakini unaona. Bamba linashuka kuja upande wetu, na mpaka wake unang'aa, mstari mrefu unaoinama taratibu. Mbali huko baharini ndiko tulikodhani linavunjikia. Ndiyo maana hesabu zote zinasema maji yanachukua nusu saa kufika.

Lakini kuna kitu kingine. Kutoka kwenye ule mstari, karibu kabisa na pwani, kuna mstari mwingine hafifu unaojitenga na kupanda juu, kama tawi, mpaka karibu na sakafu ya bahari. Karibu na sisi, yaani. Mbele ya mji.

Nilimpigia Profesa melini. "Mwangwi wa uongo huo," akasema. "Sauti imedunda mara mbili kati ya uso wa maji na sakafu ya bahari. Usafishe."

Ni kweli hutokea. Sauti ikidunda mara mbili inachora kitu mahali ambapo hapana kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeusafisha. Upo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeusafisha kwa njia nyingine. Miangwi mingine yote ya uongo imeondoka, picha imetakata kama kioo. Tawi limebaki.

Jumatano, 26 Machi

Tulikwenda shule ya zamani mchana. Mvua imefuta kila alama, ila kwenye mdomo wa korongo majani yamelala, na mwiba mmoja umevunjwa kwa kukunjwa upande, jinsi mtu anavyofanya ili usimchome kesho.

"Mbuzi," akasema Fundi.

"Mbuzi anakunja miiba?"

"Dada, niache na mbuzi wangu. Nina familia."

Nyumbani Mama ananitazama sana. Asubuhi nikiamka chai iko tayari na yeye amekwisha kuoga, kanga kavu, nywele mbichi. Amekonda. Nilimwambia apumzike, akaniambia, "Nyinyi pumzikeni huko baharini kwanza."

Jumanne, 1 Aprili

Naandika kabla sijabadili nguo.

Leo nilikwenda kumngojea. Sikumwambia Fundi. Niliacha gari barabarani, nikakaa nyuma ya rundo la matofali kando ya sakafu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka chini, na bahari, ambayo iko pale hatua chache, haikutoa hata sauti. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nilijiambia ni mlevi, au mwendawazimu fulani asiye na pa kulala.

Nyayo zilikuja upande wa barabara. Polepole. Mtu akapanda vile vidato vitatu, akasimama katikati ya sakafu, akiwa kivuli tu ndani ya ukungu. Halafu akaanza kuita.

"Mapengo."

Akanyamaza. Kimya kirefu kiasi cha mtoto kuitikia nipo.

"Sindano."

Kimya.

"Mapacha wa fundi cherehani."

"Binti wa mpishi."

"Kichwa-maji."

Aliita wengi. Baada ya kila jina alingoja, na wakati akingoja alikuwa anainamisha kichwa kidogo upande, kama anayesikiliza sauti ndogo kutoka dawati la nyuma. Kufika jina la tatu nilikuwa nimeijua sauti. Ni sauti iliyoniita mimi kula maisha yangu yote.

Nilitaka kusema Mama. Nikabaki nyuma ya matofali.

Alipomaliza alishuka ukingoni, akaingia korongoni. Nilimfuata. Hakukimbia, lakini hakupumzika pia. Alijua wapi pa kukanyaga, mwiba gani wa kukwepa, jiwe gani linacheza. Mimi, niliye na nusu ya umri wake, nilichanika mkono na kuteleza. Juu, chini ya mnara wa simu, alikuwa amesimama ananipa mgongo.

"Ukihema kwa mdomo hivyo utaumwa kifua," akasema bila kugeuka. "Njoo ukae."

Tulikaa kwenye msingi wa mnara. Ukungu ulifunika mji mzima, tukawa kama watu wawili waliobaki.

"Mama, ni wewe unayetembea kwenye mitambo yangu?"

"Sijui kuhusu mitambo yako. Natembea."

"Na mbona hurudi?"

"Narudi kwa barabara kuu, upande wa pili. Siwezi kushuka humu. Sijawahi kushuka humu."

Halafu akanisimulia. Nayaandika kama alivyosema, maana sitaki kuyapamba.

"Tulikuwa darasani. Ilipoacha kutikisika mwalimu alitupanga foleni. Alikuwa mwalimu mzuri, hakupiga kelele hata kidogo. Akasema tunakwenda darajani, wawili wawili, mkono kwa mkono. Mimi nilishikana na Mapengo. Tulipotoka nje nikatazama bahari. Haikuwa imekimbilia mbali kama wanavyosimulia. Ilikuwa imeinuka hapa karibu, kama mtu anayejiinua kitandani. Nikamwambia Mapengo tupande huku. Akasema mwalimu atatuchapa. Nikasema na atuchape. Hakutaka. Nikamwachia mkono."

Alichomoa mwiba kwenye kanga yake.

"Nilifika hapa nikageuka. Foleni haijafika hata kwenye duka la mkate. Walikuwa wamenyooka vizuri."

"Hukumwambia mtu?"

"Niliwaambia wote. Wakaja mabwana wa kupima, wakasema saa ya bandarini inaonyesha nusu saa. Bandari iko ghuba ya pili, lakini wao ndio waliosoma. Wakaniambia mtoto akiogopa muda unafupika. Bibi yako akaniambia ninyamaze, wazazi wa wenzangu wanasikia. Nikanyamaza."

"Sasa mbona umeanza kutembea?"

"Tangu mmeanza kugonga nashtuka alfajiri. Nikishtuka naona bora nijue kama miguu bado inaweza. Lakini nawaita kwanza. Kuondoka bila kuwaita naona vibaya."

Tuliteremka pamoja kwa barabara kuu. Njiani aliniambia ninunue mkate, kana kwamba tumetoka sokoni.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya hesabu. Kama siku ya tetemeko lile tawi nalo litateleza, litainua maji hapahapa mbele yetu. Nusu saa inakuwa dakika saba, labda nane. Kuna kubahatisha ndani yake, najua. Lakini hakuna namna ninavyoweza kubahatisha mpaka ifike nusu saa.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana kwa mama yako," akasema, na alimaanisha. "Lakini siwezi kumweka mama yako kwenye ramani. Nipe mwangwi."

Ana haki. Na mimi mwenyewe sijiamini tena. Nikifunga macho naliona lile tawi. Labda sasa nalichora kwa sababu nalitaka liwepo, ili mtoto mmoja aliyeambiwa ameogopa awe alisema kweli. Kwa hiyo nimemtumia mwenzangu wa chuoni data ghafi. Sikumwambia zinatoka wapi wala natafuta nini. Nimemwambia tu chora unachokiona.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Leo nilipanda na Mama. Sakafuni nilisubiri pembeni. Alipofika mwisho wa majina alinitazama kama anayeuliza iwapo kuna ambaye amemsahau.

Alhamisi, 10 Aprili

Upepo umekufa kabisa. Mvua inashuka wima. Fundi anasema hata vyura wamenyamaza, nami nikamwambia asianze.

Jumamosi, 12 Aprili

Picha imerudi. Mwenzangu amechora mpaka mkubwa kwa bluu. Halafu, kwa wino mwekundu, amechora tawi, kutoka palepale, kufika palepale. Chini ameandika: "Hapa pa wapi? Usiniambie kuna watu wanaishi juu yake."

Profesa naye ameiona. Alinipigia mwenyewe. "Mwambie kaka yako," akasema.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka alikuja kula. Nilimngoja amalize sahani, maana namjua. Nikaweka picha mezani nikamweleza.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifuta mikono, akaitazama picha kwa muda mrefu, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Picha yenu ina wiki chache. Mpango wangu watoto wameukariri tangu chekechea. Leo nikisimama niseme nusu saa ni uongo, kesho wewe ukagundua umekosea, siku ya kweli ikifika nani atanisikiliza?"

"Na kama sijakosea?"

"Basi nimewafundisha watoto wa mji mzima kwenda kufa kwa foleni. Hilo ndilo unaloniambia, mdogo wangu, au nimesikia vibaya?"

Mama ndiye aliyejibu, huku anakusanya sahani.

"Mwanangu, mimi nilikuwepo."

Akamweleza. Kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi. Kaka alimtazama kama mtu anayemwona mgeni amevaa nguo za mama yake.

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipotundika vile vibao uliniita nivione. Ulikuwa na furaha sana." Akachukua na sahani yake. "Nikasema ni vizuri."

Kaka aliondoka bila kunywa chai. Mlangoni akaniambia, "Zoezi la shule liko palepale, tarehe ishirini na nne. Simama pale ufukweni na saa yako. Muda wako ukifika, nipe ishara nikiwa darajani. Nataka kuona mwenyewe."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo hakuna mvua. Baada ya wiki zote hizo jua limetoka, anga imeoshwa, bahari imetulia kama maji ndani ya bakuli. Nilitamani ingenyesha.

Nilisimama kwenye sakafu ya shule ya zamani na mwavuli mwekundu wa Mama mkononi. Ndio ishara tuliyokubaliana. Kaka angeuona kutoka darajani. Shule mpya iko nyuma ya pale, mita chache tu juu zaidi, na barabara ya pwani inapita katikati. Mama naye alikuja, akakaa kwenye kidato cha juu, mikono magotini.

King'ora kikalia. Nikabonyeza saa.

Watoto walitoka vizuri mno. Wawili wawili, mkono kwa mkono, walimu pembeni. Hawakusukumana. Wadogo waliimba wimbo wa daraja na tangi la maji ambao Kaka ndiye aliyewatungia. Walipita mbele yetu, na binti wa Kaka, yuko darasa la pili, akaniona akapunga mkono wake usioshikwa. "Shangazi! Tazama, hatukimbii!"

"Nawaona," nikasema.

Saa ilikwenda. Nilikuwa natazama bahari na bahari ilikuwa nzuri. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, kwenye jua, watoto wanaimba. Dakika ya tano walikuwa bado wanatoka getini. Ya sita. Ya saba mkia wa foleni ulikuwa mbele yangu, na kichwa chake hakijafika kona. Niliipa dakika nyingine moja, niliwapa kwa kweli, kama mtu anayeongeza bei mnadani.

Nikafungua mwavuli.

Hakuna kilichotokea. Wimbo uliendelea. Mwalimu mmoja alinitazama akacheka, mwanamke amefungua mwavuli juani. Watoto waliendelea kupita mbele yake, wawili wawili, wamenyooka, na kichwa cha foleni kilikuwa kwenye duka la mkate.

Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya magoti yake, mikono imefunika masikio.

Wimbo ukakatika kwa mbele. Niliona foleni inasimama, watoto wanagongana migongo. Kaka alikuwa anakuja anakimbia kutoka darajani, mtu mzima na tumbo lake, amevua miwani, anapiga filimbi na kukata hewa kwa mikono: rudini, rudini. Alipotufikia hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya Mama kwenye saruji.

"Mama," akasema, anahema. "Inuka. Waonyeshe ilipopita miguu yako."

Ilimchukua muda kuinuka. Alinipa mkoba wake. Halafu akamshika mkono yule binti wa Kaka, akaingia naye korongoni, na shule nzima ikamfuata, miiba na yote. Walichanika, walilia, mmoja alipoteza kiatu. Nilianzisha saa upya, nikaiangalia mpaka wa mwisho alipofika juu. Hata kwa fujo ile, hata kwa miiba ile, muda ulikuwa umebaki.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imerudi. Nimempita Kaka barabarani yuko juu ya ngazi, peke yake, anafungua kibao chake mwenyewe kwa bisibisi. Fundi akasimamisha gari, akashuka bila kuambiwa, akaishika ngazi.

Ijumaa, 2 Mei

Watu wa ofisi ya mji wanakata miiba na kuchonga ngazi korongoni. Mwenye duka la mkate amelalamika kwamba wateja wake watatishika. Mwingine ameniuliza sokoni kama mimi ndiye niliyeleta tetemeko na meli. Nilimwambia tetemeko lilikuwepo, mimi nimelipiga picha tu. Hakuniuzia vitunguu.

Ijumaa, 9 Mei

Mama amelala mpaka jua limetoka. Nilisimama mlangoni kwake nisikilize anavyopumua, kama yeye alivyokuwa akinifanyia.

Jumatano, 14 Mei

Meli imeondoka. Tumeanza kufukua masikio. Fundi anayafuta matope na kuyashukuru moja moja.

Alhamisi, 22 Mei

Limekuja leo, saa nne asubuhi, sokoni kumejaa.

Kwanza mabati yalilia, mji mzima kwa pamoja, halafu ardhi ikatuvuta miguu upande. Ilichukua muda. Nilishika nguzo ya baraza nyumbani nikajikuta nahesabu kwa sauti, kama mjinga. Ilipoacha palikuwa na kimya, kisha kikombe kimoja mahali fulani kikaanguka.

Hakuna aliyengoja king'ora. Nilimkuta Mama amekwisha kutoka nje, amevaa viatu vyangu vya lami. Watu walikwenda korongoni: wa sokoni, wa shule, mwenye duka la mkate amebeba mama yake mgongoni. Ngazi ziliteleza kwa mvua, mikono ikawashika walioteleza. Tulipojaa juu, chini ya mnara, wote tuligeuka kutazama bahari kwa wakati mmoja.

Ilikuwa ya kijivu, imelala, mvua inaitoboa. Tulingoja. Dakika nane zikapita. Nusu saa ikapita. Haikuinuka.

Simu yangu ikaita. Profesa, sauti imejaa mikwaruzo. "Mko salama? Sikiliza. Limetokea mbali, kina kirefu, kusini kabisa. Halijagusa tawi lenu hata kidogo. Hakuna wimbi. Mnaweza kushuka."

"Halijagusa," nikarudia.

"Hata kidogo. Tawi limebaki lilivyokuwa, bado linangoja."

Watoto walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Watu walianza kusogea, wengine wakikamua nguo, mmoja akajaribu mzaha na watu wawili watatu wakacheka. Kaka alipita katikati yao na kipaza sauti chake akaja mpaka nilipo. Alijua nina simu. Alijua nimeongea na nani. Lakini hakuniuliza mimi. Alimwinamia Mama, aliyekuwa ameketi kwenye msingi wa mnara, mjukuu wake mapajani.

"Mama, tushuke?"

Mama aliitazama bahari, kichwa kimeinama kidogo upande. Watu waliokuwa wanasogea wakasimama. Yule wa mzaha akanyamaza. Mji mzima, kwenye mvua, ulikuwa unamtazama mwanamke mmoja akisikiliza.

"Bado," akasema.

Nilikuwa na jibu mkononi, limetoka kwa mtu anayejua, na lilikuwa jibu sahihi. Nikazima simu. Nikatafuta nafasi kwenye matope kati ya mwenye duka la mkate na mama yake, nikakaa.

Walikaa wote.